Kumtuliza farasi mwenye woga

Farasi wengi ninaowashughulikia, huku kandokando ya Nairobi, wametoka mbioni. Mashindano yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa Ngong tangu 1954, na farasi anayestaafu kutoka huko huja akiwa amezoea umati, kelele na safari za lori, lakini akashtushwa na turubai linalopeperushwa na upepo, au na kubaki peke yake mwenzake anapotolewa bandani. Simwiti mkorofi. Usalama wake tangu asili umo katika miguu, kwa hiyo hukimbia kwanza na kuchunguza baadaye.

Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Kwa sababu hiyo humwendea kwa mshazari, nikilielekea bega la kushoto, upande aliozoea kushikwa, huku nikisema naye kabla sijamfikia. Akiinua kichwa na kukaza shingo, ninasimama hapo hapo. Akikishusha, akilegeza midomo au akipumua kwa nguvu, ninageuka na kurudi hatua moja. Kurudi huko ndiko malipo yake, na hulipwa papo hapo, kwa kuwa akicheleweshewa hawezi kujua amelipwa kwa lipi. Wenye kumjazia karoti mdomoni ili anyamaze sibishani nao, ila mara nyingi nimeona karoti ikiisha na hofu ikabaki.

Mguso wangu wa kwanza hauendi usoni. Kumpiga makofi shingoni, jambo ambalo wengi hulifanya wakidhani wanamsifu, silipendi hata kidogo. Farasi wenyewe hukunana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo, na utafiti uliochapishwa 1993 kuhusu farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, ulionyesha kwamba wakikunwa mahali hapo mapigo ya moyo hupungua. Kwa farasi mzima aliyetulia, mapigo hayo ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ninakuna kwa ncha za vidole, polepole, na kamba ninaishika ikiwa imelegea. Kamwe siizungushi mkononi, kwani akiruka itanikata vidole.

Saisi wazee husema farasi huijua hofu ya mtu. Nchini Uswidi, katika utafiti wa 2009, watu waliombwa kumwongoza au kumpanda farasi katika njia ile ile mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mioyo ya watu ilidunda kwa kasi zaidi, na ya farasi vilevile. Basi kabla ya kuingia bandani ninashusha mabega na kutoa pumzi ndefu, na nikiwa na hasira au haraka ninamwachia mwenzangu kazi hiyo.

Asipotulia hata baada ya siku nyingi za mwendo huu, hasa akikunja masikio kila anapofungwa tandiko, ninamwita daktari wa mifugo amkague meno, mgongo na tumbo. Vidonda vya tumbo huwapata farasi wengi wa mbio, na hivyo hutibiwa kwa dawa na kwa kumpa nyasi mchana kutwa, si kwa mazoezi.