Gleizi Iliiva, Udongo Haukuiva

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaanza, mteja alinirudishia vikombe 48 ndani ya maboksi ya maji ya kunywa. Hakuja na hasira, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Alichomoa kimoja, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Fundi, hebu chungulia humu. Wateja wangu wanadhani hatuoshi vyombo."

Nikachungulia. Ndani ya weupe kulikuwa na mistari ya kahawia, myembamba kama utando wa buibui, kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Rangi ya chai. Nilipitisha ukucha, haukukwama popote. Vikombe hivyo vilitoka kwangu wiki sita kabla vikiwa safi kabisa; nilivikagua kimoja kimoja mwenyewe.

Nafinyanga hapa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, na bado kuna watu wanaoniuliza, "Hiyo rangi inayong'aa unapaka kwa brashi?" Gleizi si rangi. Ni kioo. Unasaga mawe, unayachanganya na maji yawe kama uji mwepesi, unachovya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, halafu unarudisha tanurini ili yale mawe yayeyuke juu ya udongo. Silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ndiyo inayokuwa kioo, lakini peke yake inahitaji zaidi ya nyuzi 1700 kuyeyuka, na tanuru langu halifiki huko hata kwa maombi. Kwa hiyo unaipa wasaidizi wa kuiyeyusha mapema: felspa (aina ya jiwe), chokaa, na friti, yaani kioo kilichokwisha kuyeyushwa kiwandani kikasagwa tena. Kaolini, aina ya udongo, ndiyo inayozuia mchanganyiko usitiririke chini kama asali. Kaolini ninayotumia ni ya Pugu, hapo juu vilimani. Ni nyeupe, na ukiisugua kati ya vidole inateleza kama poda ya mtoto.

Kipimo cha uzito wa uji nimekishika kichwani: mililita 100 lazima zije gramu 145. Zikipungua, chombo kinatoka na ngozi nyembamba yenye mabaka. Zikizidi, gleizi inajikunja na kuacha vipara. Unachovya, unahesabu moja, mbili, tatu, unatoa. Udongo uliochomwa mara moja una kiu. Unafyonza maji pale pale na ule unga unabaki umeshika juu. Kitako unakipaka nta kabla, la sivyo kikombe kitagandana na rafu na utakitoa kwa nyundo. Na unapochanganya unga mkavu vaa barakoa, ndugu yangu. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki.

Nirudi kwenye vikombe.

Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba mgahawa wanavitesa: labda wanavitoa kwenye maji ya moto wanavitumbukiza kwenye ya baridi. Nikampigia mama. Mama yangu ni Mkisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, unakofika kwa mtumbwi kutoka Matema. Kwao ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na nilipoanza kazi hii wajomba walicheka mwaka mzima. Anajenga chungu bila gurudumu la kufinyangia, anakisugua kwa kokoto laini mpaka king'ae, na anakichoma nje kwa kuni na nyasi, mchana mmoja tu. Nilipomweleza alisikiliza, kisha akaniuliza: "Sasa baba, kikombe kinachoogopa maji ya moto ni kikombe cha nini? Changu nakiweka kwenye mafiga."

Nilitaka kumweleza kwamba chungu chake kinastahimili moto kwa sababu hakijafunga. Kina vinyweleo na chembe za mchanga, kwa hiyo kikitanuka upande mmoja kina nafasi ya kujinyoosha, na ufa mdogo ukianza unaishia kwenye kitundu cha kwanza. Changu kinatakiwa kufunga kabisa, kiwe kama jiwe, maji yasipite. Kila kimoja na kazi yake. Lakini nikiwa katikati ya maelezo ndipo nikajisikia mwenyewe nikisema "kinatakiwa kufunga". Je, kilikuwa kimefunga?

Nikavunja kimoja. Nikakausha kigae, nikakipima: gramu 200. Nikakichemsha kwa muda wa saa tano, nikakifuta, nikapima tena: 214. Yaani kilikuwa kimekunywa asilimia 7 ya uzito wake. Udongo huu ukiiva vizuri haupaswi kuzidi asilimia 2.

Ilikuwa kama andazi lililobabuka rangi nzuri nje na ndani ni unga mbichi. Friti inayeyuka mapema, kwa hiyo gleizi iliiva, ikang'aa, ikanidanganya. Udongo chini yake haukuiva. Kila siku ulikuwa unafyonza maji kidogo kupitia kitakoni pasipo na gleizi, unavimba kidogo mno, usioonekana kwa macho, na kioo hakivimbi. Kikavutwa mpaka kikapasuka. Ndiyo maana nyufa zilikuja baada ya wiki kadhaa.

Lakini kipimajoto cha tanuru kilisoma nyuzi 1220, joto linalotakiwa! Nilikiona kwa macho yangu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba oda ilikuwa ya vikombe 60 na vilivyorudi ni 48. Nikampigia yule mteja kuuliza habari za vile 12.

"Hivyo vizima, tunavitumia."

Tanuru langu lina rafu tano. Kila rafu inabeba vikombe 12. Na kile kipimajoto kimechomekwa juu kabisa, usawa wa rafu ya kwanza.

Wiki iliyofuata nilipanga koni kwenye kila rafu. Koni ni vijinara vya madini, virefu kama kidole cha mtoto, vilivyopimwa kuinama joto likishafanya kazi yake. Namba 6 ni kama nyuzi 1220 ukipandisha kwa mwendo wa kawaida. Nilipofungua, ya juu ilikuwa imeinama kama ndoano. Ya katikati imeinamisha kichwa tu, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Ya chini imesimama wima, haina habari. Waya wa joto wa chini ulikuwa umechoka, unawaka wekundu hafifu, na mimi miezi yote hiyo nasoma namba na kuzima.

Nilibadilisha waya. Pia niliacha kuzima papo hapo. Sasa nikifika joto la juu nashikilia dakika 20 ili joto lishuke mpaka rafu za chini. Uniti zinakwenda, siwezi kusema uongo, na bei ya kikombe imepanda kwa sababu hiyo.

Nikagusa na gleizi yenyewe, maana hata ikikaa juu ya udongo ulioiva, ilikuwa inasinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Felspa ina soda na potashi, na hizo mbili ndizo zinazofanya kioo kitanuke na kusinyaa sana. Dawa inashangaza watu: unaongeza silika, ile ile ngumu kuyeyuka. Nilitengeneza vigae vya majaribio, nikiongeza sehemu tano tano kwa kila mia. Tano, nyufa bado. Kumi, safi. Kumi na tano, ikapoteza mng'ao ikawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikabaki na kumi. Kisha nikachukua vikombe sita, nikavitoa kwenye maji yanayochemka na kuvitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, mara tatu mfululizo, halafu nikavipaka wino ndani na kuvifuta. Hakuna mstari.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba nyufa ni pambo. Kweli, Wachina wa enzi ya Song walikuwa na vyombo vilivyopendwa kwa nyufa hizo hizo, na walizitengeneza kwa makusudi. Mimi mwenyewe nikienda Kunduchi kwenye yale makaburi ya kale yenye nguzo, yaliyopachikwa bakuli za Kichina, huwa nasimama muda mrefu kuliko wenzangu, natafuta namna gleizi ilivyoshika. Ila pale ni ukutani. Hakuna anayekunywa chai ya rangi.

Mteja nilimtengenezea vingine 48 bila malipo. Vilivyorudi, mke wangu amepandia miche ya pilipili. Ufyonzaji wa asilimia 7 unaufaa mche, anasema, na simbishii.

Jana usiku nilichoma oda yake mpya, bakuli 30 za supu. Sasa hivi tanuru liko nyuzi 340 na mfuniko umefungwa. Zamani ningeshaufungua niibie jicho. Nimeketi kando yake kwenye kindoo, nimezima redio, nasikiliza kama kuna kale kasauti ka "ting" ka kioo kinachopasuka kikipoa. Mpaka sasa nasikia kuku wa jirani tu.