Kesi ya Nora, Kidato cha Tatu
Siku hizi nikifundisha A Doll's House, tamthilia ya Ibsen (1879), silianzi somo kwa maisha ya mwandishi. Watoto husinzia, na siwalaumu. Naanza na ile hati ya mkopo aliouchukua Nora, mhusika mkuu, kwa siri: sahihi ya babake, mdhamini wake, ina tarehe 2 Oktoba, ilhali mzee alifariki 29 Septemba! Hapo darasa linageuka mahakama. Kila hoja itoke kitabuni, ukurasa utajwe, na ni Kiingereza tu.

Leo kijana ambaye huwa hafungui mdomo alimtetea Krogstad, yule aliyemkopesha Nora: "Mwalimu, wote wawili wameghushi. Mbona mwovu ni huyu peke yake?" Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu wa zamu.

Kesho Torvald, mumewe Nora, anapanda kizimbani. Wasichana wa nyuma wameshaandika maswali. Namhurumia.