Kumwita Dume Aliyezoea Kufuatwa

Kusini mwa Missouri, Marekani, wiki ya pili ya msimu wa uwindaji

Katika maisha ya bata mzinga wa mwituni, dume hamfuati jike. Alfajiri, angali juu ya mti aliolala, hupiga ule mlio wake wa kubingirika unaosikika hadi ng'ambo ya bonde. Majike waliolala miti ya jirani humsikia, na wakisharuka chini ndio wanaokwenda kumtafuta pale alipotua na kupanua mkia. Mwindaji anayejificha chini ya mwaloni na kuiga sauti ya jike anamwomba dume afanye kinyume cha desturi yake. Nimesikia watu wengi wakizungumzia kuita kana kwamba ni suala la sauti nzuri tu, na maduka ya vifaa yanaifurahia sana imani hiyo, lakini kadiri ninavyozidi kukaa msituni ndivyo ninavyoona kwamba sauti ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kujua saa ambayo dume atakubali kutembea, kuketi mahali ambapo njia yake haina kikwazo, na kufunga mdomo.

Mzee jirani yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha uwindaji huu na ambaye wanangu humwita babu, alinipitia leo saa kumi alfajiri, na kabla hakujapambazuka tulikuwa tumesimama juu ya mgongo wa kilima ndani ya Msitu wa Taifa wa Mark Twain. Kazi ya kwanza hapo ni kujua dume amelala wapi. Mzee alikusanya viganja mdomoni akalia kama bundi wa huku, yule mwenye mistari kifuani, ambaye wimbo wake una silabi nane na hushuka mwishoni. Dume akishtushwa na sauti kali, iwe ya bundi, ya kunguru au hata ya radi, hujibu bila kukusudia, na kwa jibu hilo hujitaja alipo. Kwetu Tanga bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa, kwa hiyo mpaka leo kazi ya kulia kibundi namwachia mzee mwenyewe.

Jibu lilitoka chini yetu, upande wa kijito. Tulisogea taratibu mpaka zikabaki kama mita 150, tukaketi, kila mmoja ameegemea mti mpana kuliko mabega yake. Mti huo huficha umbo la mtu, na pia humkinga mgongo dhidi ya mwindaji mwingine ambaye anaweza kudhani kuwa sauti anayoisikia ni ya ndege wa kweli. Kwa sababu hiyohiyo hatuvai nguo nyekundu, nyeupe wala za buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume aliyesisimka, na mtu mwenye busara hanyemelei mlio wa dume hata siku moja. Kuna wengine siku hizi hujificha nyuma ya mkia uliopanuliwa wa dume aliyekufa na kutambaa nao uwanjani hadi dume aliye hai aje kupigana. Baadhi ya majimbo yamezuia mtindo huo au kuuwekea mipaka. Mimi ningeuzuia kila mahali, kwanza kwa sababu mtu anayejifanya ndege katika nchi yenye wawindaji wengi anacheza na roho yake, na pili kwa sababu hapo hakuna kuita tena.

Mwanga ulipoanza, mzee alitoa milio mitatu au minne ya chini sana, ile ya jike anayeamka mtini. Dume alijibu papo hapo, tena kwa nguvu, na mtu mgeni angedhani shughuli imekwisha. Kisha tukasikia majike wa kweli wakijibu upande wa pili, tukasikia mabawa mazito yakipiga hewa walipokuwa wakishuka, na milio ya dume ikaanza kufifia kuelekea kwao. Mzee alirudisha mfukoni kiwambo chake cha kuitia na kufumba macho kama mtu aliye barazani kwake.

Hakuwa amekata tamaa. Mwishoni mwa Aprili majike wengi wanataga, na jike anayetaga huachana na dume katikati ya asubuhi na kwenda kwenye kiota chake, ambacho ni shimo la juujuu tu ardhini katikati ya majani. Ikifika saa nne hivi, dume aliyezungukwa na majike tangu alfajiri anaweza kujikuta peke yake. Katika maeneo ya umma ya jimbo hili mwisho wa kupiga risasi ni saa saba mchana, kwa hiyo saa hizo tatu za mwisho, ambazo wengi huzipoteza wakiwa mgahawani wakisimulia mlio wa alfajiri, ndizo ninazozithamini kuliko zote, pamoja na kupe wake.

Katika kungoja huko nilikuwa na vyombo vyangu vya kuitia mapajani. Kisanduku ndicho rahisi kuliko vyote: ni mti mwembamba uliochongwa ndani, wenye kifuniko chenye mkono kinachosuguliwa kwenye ukingo mmoja. Kisanduku cha aina hii kilipewa hataza mwaka 1897 kwa jina la Henry Gibson wa Arkansas, na hakijabadilika sana tangu hapo. Kifuniko hupakwa chaki isiyo na mafuta, hushikwa kwa vidole viwili bila kukandamizwa, na hakiinuliwi kamwe kutoka kwenye ukingo. Kikianza safari yake hutoa sauti nyembamba ya juu, kisha huangukia sauti nzito yenye mikwaruzo, kama bawaba ya mlango wa zamani. Mpito huo wa sauti mbili ndio mwito wa kawaida wa jike, na mtu akiukosa hata mdundo sahihi haumsaidii. Unyevu ukiingia, chaki hulowa na kisanduku hunyamaza. Ndiyo maana nina pia kijisahani cha jiwe la sleti, ambacho hukwaruzwa kwanza kwa msasa na kisha huchorwa kwa ncha ya kijiti cha mti. Hicho hutoa sauti laini kuliko zote, hasa ule mkoromo wa jike anayekula kwa utulivu.

Kiwambo cha mdomoni ni habari nyingine. Ni kijiduara nusu chenye utando mwembamba wa mpira, kinachobandikwa kwenye kaakaa kwa ulimi, na hewa husukumwa kutoka kifuani, wala si mashavuni. Wiki ya kwanza mtu hutapika tu. Faida yake kubwa ni kwamba mikono yote hubaki kwenye bunduki, na faida hiyo si ndogo kwa ndege mwenye macho kama yale. Macho ya bata mzinga yako pembeni mwa kichwa, huona karibu pande zote kwa kugeuza shingo kidogo tu, na hutambua rangi vizuri. Anaweza kusamehe sauti mbaya, kwa kuwa hata majike wa kweli wapo wenye sauti za kuchekesha, lakini mkono uliosogea hausamehe.

Ilipopita saa nne mzee alitoa milio mikali ya mkatomkato isiyo na mpangilio, ile ya jike aliyechachamaa, kisha miito ya kawaida mitano, basi. Dume alijibu kutoka mbali. Ulimi wangu ulikuwa unawasha kumjibu. Mzee alinitazama kwa jicho moja akanong'ona, "Anajua tulipo. Mwache atutafute." Dume anayejibiwa kila mara husimama palepale, akitunisha mabawa, kwa sababu jike anayepiga kelele kiasi hicho bila shaka yuko njiani kumjia. Jike aliyenyamaza ghafla humtia wasiwasi kwamba labda ameondoka na mwingine. Tulikaa kimya muda mrefu, mzee akikwaruza majani makavu kwa vidole mara mojamoja, kama ndege anayetafuta mende.

Hakulia tena. Nilichosikia ni ule mngurumo wa chini sana ambao dume huutoa akiwa amepanua mkia, sauti ambayo mtu huihisi kifuani kabla hajawa na hakika kwamba ameisikia. Akatokea juu ya ukingo wa kilima, mahali ambapo ilimlazimu afike ndipo aone asili ya sauti, na huko ndiko kuketi mahali panapofaa. Kichwa chake kilikuwa cheupe utosini na cha buluu mashavuni, shingo imevimba nyekundu, ndevu za kifuani zikikaribia kugusa majani. Alipopita nyuma ya mti niliinua mtutu, na alipotokea upande wa pili, kama hatua 30 kutoka nilipo, nikasema Bismillahi na kumlenga pale shingo inapokutana na manyoya. Marisau hayapigwi mwilini mwa ndege huyu. Nilimkuta bado ana uhai, nikamchinja, nikatia alama kibali changu palepale, na baadaye nikaripoti kwa Idara ya Uhifadhi, jambo ambalo sheria inataka lifanywe kabla ya saa nne usiku wa siku hiyohiyo.

Mzee anakumbuka utotoni mwake ambako kuona alama ya mguu wa ndege huyu kulikuwa habari ya kijiji kizima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jimbo zima lilikuwa na ndege wasiofika 2,500. Watu wa uhifadhi walijaribu kwanza kufuga vifaranga kizimbani na kuwaachia msituni, vifaranga wakafa, kwa kuwa kifaranga aliyelelewa bila mama wa mwituni hajui amwogope nani. Ndipo kuanzia mwaka 1954 wakawa wanakamata ndege wa mwituni wenyewe na kuwahamishia maeneo mengine, na mwaka 1960 uwindaji wa majira ya machipuko ukafunguliwa tena. Miaka ya karibuni idadi imeshuka katika sehemu kadhaa za nchi, vifaranga wanaofika utu uzima ni wachache, na mimi, ingawa kibali kinaruhusu madume wawili kwa msimu, nimeridhika na mmoja.

Nyama ya kifua tumeikata vipande vyembamba kwa kukatisha nyuzi zake na kuikaanga. Mapaja yana mishipa migumu kweli, kwa hiyo mke wangu ameyainjika tangu alasiri kwa tangawizi na tui la nazi. Alipokuwa akisafisha shingo aliita kutoka jikoni, "Baba Zainabu, huyu ndege wako amekula chuma kuliko mahindi," akanionyesha marisau matatu kwenye kiganja.

Mifupa ya bawa nimeihifadhi, lakini mzee anasema ya dume ni minene mno kwa filimbi, na kwamba filimbi nzuri hutengenezwa kwa mifupa mitatu ya bawa la jike, ikiingizwa mmoja ndani ya mwingine na kunyonywa badala ya kupulizwa. Jike huruhusiwa kuwindwa msimu wa vuli. Wakati huo dume hajali mapenzi, na mwito unaotumika ni mwingine kabisa: mtu hulitawanya kundi, akakaa katikati, na kupiga miluzi mitatu ya juu ya kifaranga mkubwa aliyepotea. Mluzi huo bado haunitoki vizuri kwa kiwambo, na mzee amesema tutaanza kuufanyia mazoezi mwezi Agosti, ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa.