Uncle Tupelo na mashabiki wao wa St. Louis

Hapa St. Louis ukitaka mzungu wa miaka hamsini na kitu afunguke, mtajie bendi ya Uncle Tupelo. Jana nimemtajia fundi mmoja kazini, basi mapumziko yote yakaishia hapo.

Walikuwa vijana wa Belleville, ng'ambo ya mto upande wa Illinois: Jay Farrar, Jeff Tweedy na Mike Heidorn kwenye ngoma. Fundi huyo aliwaona Cicero's, baa ya chini ya ardhi, dari fupi, jasho linatiririka. Magitaa yanapiga kelele za panki, mara wanashusha wimbo wa kale wa Carter Family, waimbaji wa country wa zamani, kama wako kanisani! Wimbo huo ndio uliobeba jina la albamu yao ya kwanza, No Depression, ya 1990.

Mimi niliyekulia kwenye rumba na taarabu nilinasa kwa albamu yao ya Anodyne ya 1993. Waliirekodi Austin, wote wakipiga kwa pamoja, bila kubandika sauti juu ya sauti. Sauti nzito ya Farrar ilinikamata mara moja. Tweedy nilimwelewa polepole (mashabiki wa Wilco, bendi yake ya baadaye, mnisamehe).

Onyesho la mwisho lilikuwa 1 Mei 1994, ukumbi wa Mississippi Nights. Farrar na Tweedy walishakuwa hawaivi, ila Heidorn, aliyeondoka zamani, alipanda kupiga ngoma mwishoni. Fundi wangu alikuwepo. Tiketi anayo mpaka leo, na kuishika haruhusu mtu, hata mkewe!

Kuna mwingine humu anawasikiliza, au niko peke yangu?