Miligramu Nne

Binti yangu alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Alikuwa bado mchanga, kilo nne tu, daktari alipomwandikia spironolaktoni, dawa ya kupunguza maji yanayozidi mwilini: miligramu 4 asubuhi na 4 jioni. Vidonge vilivyokuwapo vilikuwa vya miligramu 25, saizi ya watu wazima. Ukikigawa kimoja mara nne, kila robo inazidi miligramu 6, na hapo ni kama wembe umekata sawasawa.

Mama mmoja tuliyekuwa naye wodini alinishauri, kwa nia njema kabisa, niloweke kidonge kwenye maji kisha nivute kiasi. Nilimuuliza mfamasia kama inafaa. Badala ya kunijibu, alisaga kidonge, akamwaga unga wake kwenye glasi ya maji, akakoroga, akaiweka mbele yangu. Baada ya muda unga ukaanza kuzama.

“Hii haiyeyuki, mama. Ukivuta juu utampa maji matupu. Ukivuta chini utampa dawa ya watoto watatu.”

Akaniruhusu nimtazame kupitia kioo akitengeneza ya mtoto wangu. Alifuta meza, akanawa, akavaa glavu. Vidonge 10 vikaingia kwenye kinu kidogo cha kaure. Alisaga muda mrefu kuliko nilivyodhani ingehitajika, kila mara akikwangua unga ulioganda pembeni na kuurudisha katikati, mpaka ukawa laini kama poda. Kisha akadondoshea kimiminika kizito kidogo kidogo huku akiponda, ikawa rojo lisilo na chembe. Hapo ndipo alipothubutu kuongeza zaidi na kumimina kwenye silinda ya kupimia. Kinu kikabaki na utandu mweupe. Hakukiweka kando. Alikisuuza kwa kimiminika kilekile, masuuzo nayo yakaingia kwenye silinda, akasuuza tena, ndipo akajazia hadi mstari wa mililita 50. Utandu ule ulikuwa dawa ya mwanangu, na aliuhesabu.

Miligramu 250 ndani ya mililita 50, yaani miligramu 5 kwa kila mililita. Dozi yetu ikawa mililita 0.8. Alinipa bomba dogo lisilo na sindano, akaniambia nivute mbele yake hadi mstari huo, nirudie, nirudie tena. Uzito wa kimiminika kile ndio ulioushikilia unga usizame upesi, lakini hata hivyo chupa ilipaswa kutikiswa kila mara kabla ya kuvuta.

Jambo alilolikazia kuliko yote ni lebo. “Usikariri mililita peke yake,” alisema. “Mfamasia mwingine anaweza kuichanganya iwe nzito au nyepesi zaidi. Ukienda kokote, nenda na chupa hii hata ikiwa tupu.” Aliandika jina la mtoto, nguvu ya dawa, siku aliyoichanganya na siku ya kuitupa, akanakili yote kwenye daftari lake.

Baadaye nilisoma yaliyotokea Marekani mwaka 2012, sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zilizochanganywa na kampuni moja ya Massachusetts zilipoingia kuvu na watu zaidi ya 60 wakafa. Yetu ilikuwa dawa ya kunywa, si ya kudungwa mgongoni, lakini nilielewa kwa nini yule dada mfamasia alifuta meza iliyoonekana safi na kuandika namba ya toleo la vidonge. Dawa ya kiwandani hupimwa kabla haijatoka. Hii ya kwetu ilikuwa chupa moja ya mgonjwa mmoja, na mlinzi wake alikuwa yeye.

Mtoto alipofika kilo tano tulirudi. Chupa ya kwanza ilikuwa na dawa bado, nami nikauliza kama angebadilisha tu namba kwenye lebo. Alikataa. Alimpima mtoto upya, akampigia daktari, akapiga hesabu kwenye karatasi nikiona: miligramu 5, mililita 1. Kisha akachukua kinu.