Noti ya won 1,000

Jumamosi nusura nimkosee adabu mzee wa watu.

Nilikuwa nimepanda Inwangsan, mlima wa mita 338 tu hapa hapa Seoul, nipunguze hasira za tikiti maji nililoliacha dukani kwa won 25,000. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mkumbuke bei za soko la Mabibo, Dar. Nimeketi jiweni, babu mmoja akanipa nusu ya tango (wapanda milima wa hapa na tango ni ndugu), kisha akachomoa noti ya won 1,000 akaninyooshea. Damu ikanichemka. Miaka mitatu nasoma hapa, kwenye treni kiti cha pembeni yangu ndicho cha mwisho kukaliwa, leo napewa sadaka?

"Ani, ani" (hapana, hapana), akasema, akaigeuza. Nyuma kuna mchoro: milima, miti, kijumba na mtu kaketi ndani. Kazi ya mchoraji Jeong Seon, 1746. Akanyoosha kidole kwenye mwamba mbele yetu: na huu kauchora, 1751, akiwa na miaka 76 kwa hesabu yao.

Babu akafunguka, Kikorea changu kikimfuata kwa kuchechemea. Wachoraji wengi wa enzi hizo walichora milima ya China wasiyowahi kuiona, wakinakili kazi za wengine. Jeong Seon, mtumishi wa serikali, alikwenda mwenyewe hadi Geumgangsan, ambao leo uko Korea Kaskazini, akauchora alivyouona. Huu wa Inwang ulikuwa wa jirani, aliishi chini yake. Mwamba wake ni mweupe-mweupe. Yeye kaukandika wino mweusi, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu mvua ndiyo kwanza imekatika na jiwe limelowa. Ukungu je? Kaacha karatasi tupu.

Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu kazi za viwandani hapa Korea: vibali vyake vina orodha ya nchi, na zote ni za Asia. Anayekuuzia "nafasi" kwa shilingi milioni nne ni mwizi. Njooni kusoma, na herufi zao mzijue kabla ya kupanda ndege. Bila lugha, mimi ningeshuka mlimani nikiapa nimetukanwa.

Noti nilimrudishia kwa mikono miwili. Akauliza natoka wapi. Tanzania.

"Kilimanjaro!" Akachangamka kama mtoto. "Nani aliuchora?"

Nikakuna kichwa. Picha pekee iliyonijia ni ya kwenye chupa ya bia.