Nilivyompata Babu aisimulie Mount Gelai

Kila nilipomhoji babu sebuleni niliambulia majibu ya neno mojamoja. Alikuwa msaidizi wa dereva wa gari moshi, mwenye kazi ya moto na maji, kati ya Mombasa na Nairobi. "Kazi ni kazi," hunijibu, kisha anaomba chai.

Mwishowe nikampeleka Makumbusho ya Reli, Nairobi, ilipo injini namba 5918, Mount Gelai. Ni Garratt, aina ya injini ya mvuke, ya daraja la 59, mojawapo ya 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake unapita tani 250, na reli yenyewe ina upana wa mita moja tu! Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila seti ikijigeuza yenyewe kwenye kona.

Nilikuwa na maswali 30 kwenye karatasi. La kwanza: "Babu, mlikuwa mnatupia makaa kiasi gani?"

Akanikazia macho. "Makaa ya wapi? Hii ilikula mafuta."

Karatasi nikaitia mfukoni. Tulipopanda chumba cha dereva, mkono wake ulitangulia maneno. Akagusa mahali pa kile kibomba cha kioo kinachoonyesha kimo cha maji: yakishuka kupita kiasi, paa la tanuru hubaki kavu, na boila linaweza kulipuka. Moshi nao ulisomwa. Mweusi, mafuta yamezidi hewa. Mweupe, hewa imezidi. Kisha akanieleza jambo ambalo nisingelifikiria kuliuliza: masizi yakiganda ndani ya mabomba, walirusha mchanga kidogo tanuruni, ukavutwa na moshi na kuyasugua hadi nje. "Ukiwa umevaa shati jeupe karibu na reli, pole yako."

Rekodi ya siku ile ilijaa upepo. Mara ya pili niliweka simu kwenye mfuko wa shati lake, ikanasa vizuri. Nyumbani nilichapisha picha za kila wenzo na kila gurudumu la valvu, babu akanitajia majina waliyoyatumia wao, nami nikayaandika nyuma ya kila picha. Ameshindwa kukumbuka mawili, ananikataza kuyabuni.

Swali la makaa sikulifuta kwenye rekodi. Yeye ndiye anayependa kulirudia akiwa na wageni.